Kuku Ambao Hafidha Hakuwauza

Kama kuna mtu hapa Mapinga aliyekuwa hataki kabisa kusikia honi ya pikipiki ya Ally, basi ni Hafidha binti Shuaibu. Ally alikuwa kijana wa maneno laini na boksi la plastiki nyuma ya kiti, na kazi yake ilikuwa kupita kwenye mabanda ya kuku wa nyama akiulizia vibudu. Kuku aliyekufa kwa joto, aliyekufa kwa kideri, aliyekandamizwa na wenzake kwenye kona, kwake wote walikuwa kuku. Anawabeba mpaka mjini, huko wanakatwakatwa, wanatiwa ndimu na pilipili, wanakaangwa, na nyie mnaonunua chipsi kuku pale kituoni mnajilamba vidole. Mimi nanyamaza, nisije nikamharibia mtu futari yake.

"Shikamoo mama. Leo wapo?"

"Hawapo."

"Mbona harufu inasema wapo?"

"Harufu ya mdomo wako hiyo! Ondoka mlangoni kwangu kabla sijakumwagia maji ya vyombo."

Ally anacheka, anawasha pikipiki, anaenda kwa jirani, na kwa jirani anapata. Wenzake Hafidha walimwona mjinga. Kuku ameshakufa, walimwambia, unamzika kama marehemu, una akili kweli? Yeye alikuwa anajibu neno moja tu, kwamba kibudu hakitoki nyumbani kwake kwenda kinywani mwa mtu, na akishalisema hilo hakuna wa kumtoa hapo.

Neno hilo si lake. Ni la kaka yake, Mwinjuma, aliyemlea. Wazazi wao walifariki Hafidha angali mtoto wa kuchezea vifuu, na Mwinjuma, naye kijana tu ambaye ndevu hazijamkaa vizuri, akaacha shule akaenda kuchunga ng'ombe wa watu ili mdogo wake ale. Siku moja kicheche aliuma kuku wao wa mwisho. Hafidha alimkuta kuku amekufa, bado ana joto, na ndani hamna hata unga wa uji. Mtoto akafanya akili ya kitoto: akachukua kisu, akamkata shingo yule maiti, akamnyonyoa, akamtia chunguni. Alitaka kaka yake akirudi akute mchuzi.

Mwinjuma alirudi, akafunua chungu, akaitazama ile shingo. Damu ya kuku aliyechinjwa haijifichi, na ya kuku aliyekufa haitoki. Hakuuliza. Aliubeba mchuzi wote akaumwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Kisha akamshika mdogo wake mkono akampiga kiganjani kwa mwiko, pa, mara moja, halafu akakaa kizingitini akalia kuliko aliyepigwa. "Sikia," akamwambia. "Kibudu hakiingii nyumbani kwetu, na hakitoki nyumbani kwetu kwenda kwa mtu. Kizikwe." Hafidha aliyashika maneno yale kama wengine wanavyoshika Ayatul Kursiy. Alikua nayo, akaolewa nayo, akaachika nayo, akaanza kufuga kuku nayo.

Sasa shida ikawa kuzika. Kile kiwanja cha Hafidha pale Mapinga ni mawe matupu. Ukipiga jembe linarudi na cheche. Kuku mmoja utamchimbia, wawili utawachimbia, lakini siku umeme umekatika na jua limesimama utosini wanakufa kapu zima, na mwanamke yuko peke yake. Ndipo akaligundua lundo. Nyuma ya banda alikuwa akitupa samadi, yale maranda yaliyochanganyika na kinyesi anayoyazoa kila akiuza kundi, na lundo lilikuwa limeinuka kama kichuguu, laini, ndani kuna moto wake. Alifukua kwa koleo, akawalaza, akawafunika. Akirudi baada ya wiki kadhaa anakuta manyoya na mifupa tu. Alishukuru sana. Kaka yake alisema kizikwe. Hakusema wapi.

Na kaka yake naye wakati huo alikuwa si mchunga wa ng'ombe wa watu tena. Alikuwa na wa kwake, Makurunge, ng'ombe watano wa maziwa, wote uzao wa ndama mmoja aliyepewa na tajiri wake baada ya kumtumikia mpaka mgongo ukapinda. Ndama huyo alikuwa ndiye Johari, sasa bibi kizee mwenye pembe moja, na bado anazaa. Mwinjuma hakuwa na mtoto. Yeye na mkewe Sophia walikuwa na wale ng'ombe, na mwanamume alikuwa akiwaita kwa majina, akiwakanda miguu, akiwasemesha kwa Kikwere maneno ambayo hata mkewe hakuambiwa. Mwaka ule Johari alikuwa na mimba. "Akizaa jike ni lako," Mwinjuma alimwambia mdogo wake. "Uachane na hayo makuku yako ya kufa ovyo."

Vuli haikunyesha. Masika yake ilikuwa imepita kama mgeni asiyevua viatu, na vuli ndiyo haikuja kabisa. Majani yakakauka, mabua yakaisha, ng'ombe wa Mwinjuma wakaanza kuonyesha mbavu. Ndipo akampigia simu Hafidha, akazunguka weee, akauliza hali, akauliza kuku, akauliza joto la Mapinga, mpaka mwisho akasema, "Mdogo wangu, nina shida."

Hafidha alikaa chini. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia kaka yake akitamka neno hilo.

Shida yenyewe ilikuwa hii: wafugaji wenzake walikuwa wamemwambia kwamba samadi ya kuku ukiichanganya na pumba na molasi, ng'ombe anaila na inamnenepesha. Kama anayo, ampelekee viroba viwili vitatu. Hafidha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kama anayo! Ana kilima kizima! Maisha yake yote alikuwa akitafuta kitu cha kumlipa mtu ambaye halipiki, na kitu chenyewe kimekaa nyuma ya banda kinanuka.

Na kwa vile ni cha kaka, hakutaka kumpelekea kitu cha hovyo. Aliazima chekeche la mchanga kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya mtu wa Dar pale jirani, akajifunga kanga, akachekecha lundo lile kuanzia asubuhi mpaka mgongo ukamkatika. Juu ya chekeche yakabaki manyoya, miguu ya kuku, vichwa vyenye midomo, mifupa. Alivitupa kando. Chini ikashuka samadi laini ya rangi ya kahawa, haina hata unyoya, na akaijaza kwenye viroba akavishona kwa uzi wa mkonge. Alichekecha kama anayechekecha unga wa Ramadhani. Wema hauozi, alijisemea, na akavipakia kwenye kirikuu kwenda Makurunge.

Loh! Kuna siku methali nazo zingekaa kimya.

Mwinjuma alipiga simu kumshukuru. Ng'ombe wanalamba hori mpaka mbao zinang'aa, alisema, Johari ndiye mlafi kuwashinda wote. "Mungu akuzidishie, mwanangu," akamwambia. Mwanangu! Hafidha alitembea na neno lile siku nzima, na hata Ally alipopiga honi, siku hiyo alifukuzwa kwa upole.

Simu iliyofuata ilikuwa ya Sophia.

"Wifi, njoo. Ng'ombe wamekaa chini hawainuki."

Alipanda gari mpaka Bagamoyo, akachukua bajaji mpaka Makurunge, na alipofika akaukuta ua umejaa watu wenye sufuria na vikapu. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshachinjwa na nyama inagawiwa. Mwinjuma alisimama katikati na msuli umelowa damu, kisu mkononi, uso umemkauka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimemuwahi," alisema, hata hakumtazama. "Damu imeruka. Si kibudu."

Mtu wa pwani atakuelewa. Mnyama akizidiwa, unamuwahi kwa kisu kabla roho haijamtoka mwenyewe, nyama iwe halali, watu wale, riziki isipotee. Ukichelewa hata kwa pumzi moja, huyo ni mzoga, ni wa fisi. Mwinjuma alikuwa na sifa ya kuwahi. Kijiji kizima kilimwita mnyama akilala, na hajawahi hata mara moja kuchelewa.

Lakini wa pili alikuwa ameshalala. Hafidha alimsogelea. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kama nguo iliyoanikwa. Ulimi ulining'inia nje, udenda unachuruzika, na kwenye shavu kulikuwa na fundo la majani ambalo mnyama ameshindwa kulitafuna wala kulitema. Hakuwa na homa. Hakulia. Macho tu ndiyo yalikuwa mazima, yanakufuata ukienda huku, yanakufuata ukienda kule, yanajua kila kitu. Hicho ndicho kilichomtisha Hafidha kuliko vyote.

"Wametiliwa sumu," Mwinjuma alisema. "Na aliyewatilia namjua."

Alimaanisha Alawi, jirani yake wa mpaka mmoja. Ng'ombe wa Mwinjuma waliwahi kuingia kwenye mihogo ya Alawi wakaila, na Alawi kwa hasira akasema mbele za watu kwamba ipo siku ng'ombe hao watamtoa mwenye mali machozi. Maneno hayo yalikuwa yamesahauliwa. Sasa yalifufuka. Alawi mwenyewe alipokuja na kofia mkononi, akasimama kwenye uzio akatoa salamu, "Assalaamu alaykum," Mwinjuma hakuitikia. Watu walitazamana. Kutoitikia salamu ya Mwislamu mwenzio si jambo dogo.

"Umekuja kuhesabu?" Mwinjuma alimwuliza.

"Mwinjuma, mimi na wewe tumeingia jando moja. Nimekuja kukupa pole. Kama unanishuku, leta msahafu niape."

"Mkono wako usiguse msahafu wangu!"

Alawi alivaa kofia yake, lakini hakuondoka. Alibaki palepale kwenye uzio, maana akiondoka watasema amekimbia.

Aliyemwita bwana mifugo ni Sophia. Mumewe hakutaka, lakini mwanamke alishaona wa tatu anayumba. Bwana mifugo, Ishaka kwa jina, alikuja na buti za mvua, akamwinamia ng'ombe, akampima, akamvuta ulimi ukabaki nje vilevile alivyouacha. Hapo sura yake ikabadilika. Akauliza wamekula nini.

"Walichokula siku zote," Mwinjuma alijibu. "Mabua, pumba, molasi kidogo. Na samadi ya kuku, tena safi, imechekechwa. Kaniletea mdogo wangu huyu hapa." Na akamwonyesha Hafidha kwa kidevu, na hata katika msiba ule sauti yake ilikuwa na fahari.

Ishaka aligeuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kuku wako huwa wanakufa?"

"Nani ana kuku wasiokufa?"

"Wakifa, unawapeleka wapi?"

Mtu mmoja mwenye sufuria akachekea pembeni. "Si wanauzwa mjini hao? Wafuga kuku wa Mapinga wote wanauza." Wengine wakaguna, na Hafidha akauhisi mlango umefunguka mbele yake. Angesema nauza, yangekwisha. Angeaibika, angeitwa mla haramu, lakini samadi yake ingetoka safi na ng'ombe wangekuwa wamekufa kwa mkono wa mwingine. Neno moja tu. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia moja tangu utoto, ukapita njia hiyohiyo kabla akili haijauzuia.

"Mimi siuzi vibudu!" alisema kwa sauti kubwa.

"Huyo nimemlea mimi," Mwinjuma aliwaambia watu.

"Nimekusikia, mama," alisema Ishaka taratibu. "Huuzi. Sasa unawapeleka wapi?"

"Nawazika."

"Wapi?"

Hafidha alimtazama kaka yake. Akamtazama Alawi kule kwenye uzio. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Makurunge haikuwa na habari naye.

"Kwenye ile samadi," alisema.

Ishaka alivua kofia, akaeleza, na alieleza kwa huruma, lakini maneno yenyewe hayakuwa na huruma. Kuku akioza ndani ya lundo lenye joto, lisilopitisha hewa, anafanya sumu. Haionekani, hainuki zaidi ya samadi yenyewe, na haichekechwi, inapita na vumbi. Kidogo tu kinatosha. Inaanza na miguu ya nyuma, inapanda kwenye ulimi, inamalizia kifuani, ng'ombe anashindwa kuvuta pumzi akili zake zikiwa timamu. Dawa ya kumpa hana. Waliokwisha kula wamekula. Chakula kilichobaki kichomwe, maziwa yamwagwe, na nyama ya yule wa asubuhi irudishwe yote, asiionje mtu. Watakaolala wasichinjwe wakaliwa. Lichimbwe shimo refu, wafukiwe na chokaa.

Watu walirudisha nyama. Wengine walirudi na vyungu vilivyokwisha chemka, wakamwaga mchuzi shimoni, wakaenda zao bila kuaga. Hakuna aliyeugua, Mungu aliwasitiri. Lakini kila aliyepita mbele ya Hafidha aliinamisha macho, na hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

Mwinjuma hakumwambia neno. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akamshika Alawi mkono kwa mikono yake miwili.

"Wa alaykumu ssalaam," alisema. Alikuwa anaitikia ile salamu. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha," Alawi akasema, akaruka uzio, akaomba jembe. Yeye ndiye aliyechimba kuliko wote.

Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine. Kisu cha Mwinjuma kilikaa juu ya dari kimefungwa kwenye kitambaa, hakukigusa tena. Sophia alimwambia awapumzishe wanyama, hata kama nyama haitaliwa. Alikataa. Alisema kisu kile kinasomewa jina la Mungu kwa ajili ya watu kula, hawezi kulisoma jina hilo juu ya shimo la chokaa. Basi wakawa wanakufa wenyewe, kwenye ua wa mtu aliyekuwa na sifa ya kuwahi, vibudu juu ya vibudu, na yeye anakaa kando yao anawapungia nzi.

Hafidha hakurudi Mapinga. Kuku wake aliwaachia jirani awape maji. Alibaki pale akichota, akifagia, akipika chakula ambacho kaka yake alikula bila kuinua uso. Akimpelekea maji ya kunawa, ananawa. Akimwamkia, anaitikia marahaba, kwa sababu marahaba ni haki ya mtu. Zaidi ya hapo, kimya. Heri angefokewa! Mara moja alimwendea na mwiko mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, akamwekea mwiko mapajani.

"Kaka, nipige. Nipige yaishe."

Mwinjuma aliuchukua mwiko, akaugeuzageuza, akampa Sophia aurudishe jikoni.

Akabaki Johari. Ajabu ya Mungu, kizee kile kilichokula kuliko wote ndicho kilichochelewa kuanguka, na kwa siku mbili walianza kuwa na tumaini. Sophia aliweka nadhiri. Alawi alileta majani mabichi aliyoyakata mtoni. Hafidha alisimama kwenye mswala wake usiku na mchana, kila dua aliyofundishwa aliisoma, na zote zilikuwa na maneno mawili tu ndani yake: huyu abaki. Akibaki huyu, kaka atasema nami. Akibaki huyu na ndama wake, kuna mahali pa kuanzia, kama alivyoanza zamani.

Asubuhi ya siku ya tatu Johari alipiga goti, akalala.

Walikaa naye wote wawili, kaka upande wa kichwa, dada upande wa tumbo. Hafidha alilowesha kitambaa akamkamulia maji mdomoni, na maji yakatoka upande wa pili vilevile yalivyoingia. Jua likapanda, likaanza kushuka. Pumzi za Johari zikawa za kuvutwa kwa kazi, moja, halafu unangoja, halafu nyingine. Jicho lake lilimtazama Mwinjuma. Na chini ya kiganja cha Hafidha, ndani ya lile tumbo, ndama alipiga teke.

Alipiga tena. Hafidha alimtazama kaka yake akaona naye ameona jinsi ngozi ilivyoruka. Wakati huo adhana ya alasiri ilikuwa inasikika msikitini, na Mwinjuma, mtu asiyekosa safu ya mbele, hakuinuka. Johari alivuta pumzi moja, wakangoja nyingine, haikuja. Ndama alipiga teke mara kadhaa, kwa nguvu, kama anayegonga mlango. Kisha akapiga taratibu. Kisha Hafidha akabaki na mkono juu ya ngozi iliyotulia, na hakuthubutu kuutoa.

Ndipo Mwinjuma akasema.

"Bora ungewauza."

"Kaka?"

"Wale kuku." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa anamfunga Johari macho kwa vidole, taratibu. "Bora ungewauza, Hafidha. Watu wangekula huko mjini, wangeharisha, wangepona. Tusingewajua. Na ng'ombe wangu wangekuwepo."

Aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye msuli wake, akaenda kutawadha.

Hafidha alirudi Mapinga siku ileile. Hakuaga, na hakuna aliyemwambia kaa. Jirani alikuwa amewapa kuku maji, lakini jua lilikuwa kali, na ndani ya banda, kwenye ile kona ya ukutani, aliwakuta kuku kadhaa wamekufa, wamelaliana. Aliwatoa akiwashika miguu, akawapanga nje mlangoni. Lile lundo nyuma ya banda hakulitazama. Alichukua jembe na mtaimbo, akatafuta mahali penye kivuli, akaanza kupiga mawe.

Honi ikalia getini.

"Shikamoo mama! Pole, nimesikia ya Makurunge," Ally alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Akawaona kuku pale chini, akaona na mtaimbo. "Sasa mama, kwa nini unajitesa? Si unipe tu?"

Hafidha alijiegemeza kwenye mtaimbo. Mikono ilikuwa imeanza kutoka malengelenge.

"Kaka yangu amesema bora ningewauza," alimwambia.

"Umeona! Mzee amesema kweli." Ally alikwisha fungua boksi lake. "Lete."

Alimtazama yule kijana, akatazama lile boksi, wazi, safi, limeoshwa kwa sabuni. Kaka aliyemfundisha ameshalirudisha neno lake, na alikuwa na haki ya kulirudisha, maana yeye ndiye aliyelipia. Dunia nzima ilikuwa inauza. Hakuwa na mtu hata mmoja aliyebaki upande wake, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika tena kama upande huo upo.

Akakiangalia kiganja chake, pale mwiko ulipotua zamani.

"Nenda mwanangu," alisema. Hakumfukuza, alimwambia tu.

Ally alisubiri kidogo, akafunga boksi, akaondoka. Hafidha akainua mtaimbo. Jiwe la kwanza lilitoka, chini yake kukawa na jingine. Alichimba huku analia kwa sauti kama mtoto, hajali nani anasikia, na mpaka magharibi inaingia shimo lilikuwa halijafika hata magotini.